Somo la Utumwa na Safari ya Kilimani

Kwa miaka minane ya ukufunzi nimekaa nyuma ya madarasa mengi, karatasi ya tathmini ikiwa mapajani, na masomo mengi niliyoyapima nimekwisha kuyasahau. Lipo moja nisilolisahau, nalo ndilo nililolipa alama ya juu kuliko yote katika muhula ule.

Ilikuwa wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika skuli moja ya shamba hapa Unguja. Mwalimu-mwanafunzi wetu, kijana mwenye bidii na sauti inayosikika mpaka dawati la mwisho, alikuwa akifundisha darasa la sita habari za kukomeshwa kwa utumwa. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Ubaoni aliandika tarehe mbili: 5 Juni 1873, siku soko la watumwa lilipofungwa kwa mkataba aliotia saini Sultan Barghash, na 6 Aprili 1897, siku ya amri ya Sultan Hamoud bin Mohammed. Kisha akafanya lile ambalo sisi wakufunzi tunalihimiza usiku na mchana: akawashirikisha watoto. Akawapanga mistari miwili, mmoja wa mabwana na mmoja wa watumwa. Wale wa mstari wa pili akawafunga mikono kwa kamba ya makumbi, kwa ulegevu, wasiumie. Mtoto mmoja akavishwa kofia ya karatasi akawa Sultan, akasoma kwa sauti: “Tangu leo nyote mko huru!” Kamba zikafunguliwa, makofi yakapigwa, kengele ikalia. Nami nikaandika katika karatasi yangu: “Ushirikishwaji bora sana. Lengo la somo limefikiwa.”

Wiki ya pili yake nilirudi katika skuli ile, nikamkuta bibi mmoja amekaa barazani mwa ofisi ya mwalimu mkuu, mkeka wake chini, buibui lake limekunjwa vizuri. Alikuwa akiningojea mimi, si mwalimu mkuu. Mjukuu wake alikuwa mmoja wa wale waliofungwa kamba, na tangu siku ile haitwi tena kwa jina lake. Uwanjani anaitwa Mtwana. Msomaji asiye mtu wa visiwani huenda asitambue uzito wa jambo hili. Hapa kwetu jina la Mtumwa ni jina la watu, wazee wetu wamelichukua kwa heshima zao na wajukuu wanalirithi. Lakini mtwana ni neno jengine kabisa, ni tusi linaloingia mpaka ndani ya ukoo. Mtoto alikuwa ameacha kuja skuli siku ya nne.

Nilimwamkia bibi, akaitikia, kisha akasema kwa upole ambao ulinitia haya zaidi kuliko ukali: “Mwanangu, sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza. Huyo mfalme wa karatasi alipokwisha kusema mko huru, watu wale usiku ule walilala wapi?”

Nikajibu kuwa walirudi makwao.

“Makwao wapi?” akauliza.

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kusema hili na lile juu ya Mrima na Nyasa na safari za bahari, lakini maneno yangu yalikuwa ya mtu anayetafuta mlango gizani. Nilimwomba radhi, nikamwahidi kwamba nitalisema na darasa juu ya jina lile, nami nikafanya hivyo siku ile ile pamoja na mwalimu-mwanafunzi wetu. Kijana yule alitokwa na machozi. Mimi sikumlaumu, kwani alama niliyompa ilikuwa bado haijakauka wino.

Nyumbani nilifungua vitabu vyote vya historia nilivyonavyo. Kila kimoja kilikuwa na tarehe zile zile mbili na sentensi moja au mbili baada yake, kisha mlango mpya ukaanza. Hapo nikatambua kwamba kwa miaka minane nimekuwa nikiwafundisha walimu watarajiwa habari za sheria ambayo sijaiona kwa macho. Nikaazimia kuisoma amri yenyewe.

Wazo langu la kwanza lilikuwa Vuga. Kila mwenyeji wa Mji Mkongwe analijua jengo la Mahakama Kuu katika Barabara ya Kaunda, karibu na bustani ya Victoria: kuba lake, matao yake ya Kiarabu na kuta zake nyeupe. Lilichorwa na J. H. Sinclair na kujengwa baina ya 1904 na 1908. Mchoraji huyo huyo alikuja baadaye kuwa Balozi Mkaazi wa Kiingereza, na ndiye aliyechora pia Beit el Amani ya Mnazi Mmoja, iliyofunguliwa mwaka 1925. Nilidhani kwamba sheria za kale hukaa katika mahakama ya kale. Karani mmoja niliyemuuliza alicheka kidogo, kicheko cha wema, akaniambia kwamba mahakama ni mahali pa kesi zilizo hai, na siku hizi jengo jipya la Mahakama Kuu limejengwa Tunguu; karatasi za kesi zilizokwisha kufa zimezikwa Kilimani. Alisema “zimezikwa” kwa mzaha, lakini neno lile nilikwenda nalo njia nzima.

Kutoka Vuga hadi Kilimani si mbali kwa mwendo wa miguu. Unapita Mnazi Mmoja, unaiacha Beit el Amani, unakaribia majumba ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, kisha ardhi inapanda kidogo, ndiko huko kulikopewa jina. Nyaraka za Taifa zilianzishwa mwaka 1956. Mtu mwenye kibali anaweza kukaa katika chumba cha kusomea na kuletewa jalada analolitaka. Ghala lenyewe, vyumba vya nyuma ambamo vitabu vya sheria na majalada ya mahakama yamepangwa, si mahali pa wageni. Nilikwenda na barua ya mkuu wa chuo nikasubiri zaidi ya wiki mbili. Yafaa niseme hili kwa ajili ya wenzangu wenye haraka: barua iandikwe mapema, na iseme wazi unatafuta nini. “Natafuta historia” si ombi ambalo mtunza nyaraka anaweza kulitimiza.

Nilipokelewa na mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimpa shikamoo, nikamweleza kisa changu chote, pamoja na kamba na kofia ya karatasi, ingawa sikuwa nimekusudia kukieleza. Alinisikiliza bila ya kunikatiza. Kisha akasema: “Mwalimu, huko ndani hatuingii na watu. Lakini leo utaingia, uone. Kalamu ya wino iache hapa, chukua pensili. Na usiguse kitu mpaka nikwambie.”

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine na harufu ambayo siwezi kuifananisha na kitu kimoja: karatasi, vumbi, gundi ya kale, na kidogo ya karafuu, au labda karafuu ilikuwa ya akili yangu tu. Rafu za chuma zilisimama kwa safu. Majalada yalifungwa kwa utepe, na kila kundi lina herufi zake. Karatasi za ubalozi mdogo wa Kiingereza zina herufi AA. Za Mahakama Kuu HC. Za Kamisheni ya Wakfu HD. Mzee alizitaja kama mwalimu anavyoita mahudhurio ya asubuhi. Akanionyesha pia mahali pa hati za Kiarabu, ambazo mwaka 2003 ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Hapo alisimama akaniuliza kama najua kuwa Zanzibar iliwahi kuchapa kitabu chake cha sheria. Nilisema sijui. Akanieleza habari za mtambo wa chapa wa zama za Sultan Barghash, na jinsi mwaka 1297 Hijria, yaani 1880 hivi kwa miladia, ulivyoanza kuchapa Qamus al-Sharia, kitabu cha fikihi ya Kiibadhi kilichotungwa na Jumayyil bin Khamis al-Sa‘di wa Oman. Ni kitabu cha juzuu 90. Zilizochapwa hapa ni sehemu tu ya hizo. Fikiri, msomaji, juu ya nia ya kuanza kazi ya juzuu 90 katika kisiwa chenye mtambo mmoja! Sisi chuoni hushindwa kutoa nakala za karatasi ya mtihani kwa wakati.

Rafu iliyofuata ilikuwa ya lugha nyengine. Palikuwa na gazeti rasmi la serikali, lililoanza kutolewa mwaka 1892, na mikusanyo ya sheria. Kikubwa kwangu kilikuwa kitabu kinene kilichotolewa mwaka 1919 na majaji wawili, Murison na Abrahams, ambamo walikusanya hukumu za mahakama za hapa tangu 1868 hadi 1918. Mzee alinieleza jambo ambalo sikupata kulisikia darasani hata siku moja: kwamba katika miaka ile mji huu ulikuwa na mahakama za namna mbili. Raia wa Sultan alikwenda mbele ya mahakama ya Sultan, ambako makadhi wa Kishafii na wa Kiibadhi walikaa. Mtu wa himaya ya Uingereza, na hao walikuwa pamoja na Wahindi wengi wa Malindi na Hurumzi, alikwenda mbele ya mahakama ya balozi, ambako sheria za India ndizo zilizotumika. Na akishindwa, rufaa yake ilipanda meli kwenda Bombay. Hata sheria za mikataba na za ushahidi zilizotungwa hapa mwaka 1917 zilifuata mfano wa zile za India. Basi watu wawili wanaoishi mtaa mmoja na kuchota maji kisima kimoja waliweza kuwa chini ya sheria mbili.

Mzee alipoona nimeshangaa akaongeza kwamba Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar tangu 1960 hadi 1967, kabla ya ukadhi alikuwa mwalimu wa skuli. “Kazi zenu hizi zina udugu,” akasema, akaendelea na njia.

Hatimaye akanikalisha mbele ya meza, akafungua jalada, akanionyesha amri ya 1897.

Nilikuwa nimetarajia karatasi kubwa. Ilikuwa fupi. Utangulizi na vifungu vitano tu. Niliisoma kwa Kiingereza, kwani Kiarabu changu ni cha chuoni, hakifiki katika lugha ya mahakama. Nilisoma mara ya kwanza nikitafuta maneno aliyoyasoma mtoto wa kofia ya karatasi. Sikuyaona. Nikarudia kifungu cha pili mara tatu. Hakuna mahali amri inapowageukia watumwa na kuwaambia kuwa wako huru. Inazungumza na mahakama. Inasema kwamba mtu akija kudai haki juu ya mwili wa mtu mwengine, au juu ya kazi yake, au juu ya mali yake, kwa hoja ya kuwa huyo ni mtumwa wake, mahakama isimsaidie. Ni hilo tu. Mlango wa kumrudisha mtu kwa nguvu ukafungwa; lakini mtumwa aliyetaka uhuru wake utambuliwe rasmi ilimpasa afunge safari mwenyewe mpaka mahakama ya wilaya aseme. Na kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba bwana aliyekuwa na haki halali, akapata hasara ya mali, aweza kuomba fidia. Bwana, wala si mtumwa.

Kifungu cha tatu ni cha madeni juu ya fidia, sitakaa hapo. Cha nne ndicho kilichoniweka pensili chini. Kinasema kwamba mtu ambaye uhuru wake umetambuliwa rasmi atalipa kodi na kufanya kazi za serikali kama atakavyotakiwa, na tena itampasa aonyeshe kuwa ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki. La sivyo, atahesabiwa kuwa mzururaji.

Walilala wapi? Bibi aliuliza swali ambalo waandishi wa amri walikwisha kuliuliza kabla yake, ila wao waliligeuza likawa shtaka.

Niliuona ubao wa yule kijana mbele ya macho yangu, na tarehe zake mbili. Mtumwa wa shamba la karafuu alilala katika kibanda kilichokuwa juu ya ardhi ya bwana, akalima mihogo yake juu ya ardhi ya bwana. Akienda mahakamani kudai uhuru wake, anatoka na karatasi mkononi na hana mahali pa kulala. Na asiyekuwa na mahali pa kulala amevunja sheria. Kwa hiyo wengi hawakwenda kabisa. Walipatana na mabwana zao kwa mdomo, wakabaki palepale, wakitoa kazi siku kadhaa za wiki ili waachiwe kukaa na kulima. Wakubwa wa serikali walipendelea iwe hivyo, kwa maana waliogopa karafuu zitaozea mitini.

Kifungu cha tano kinawahusu masuria, na kinawaacha walipo. Suria alihesabiwa kama mke wa nyumbani. Hakuweza kudai kuachwa ila athibitishe kuwa ametendewa ukatili. Amri ya mwaka 1909 ndiyo iliyokuja kulifuta jambo hilo pia. Yaani tarehe ya tatu ilikuwa inahitajika ubaoni, nami kwa miaka minane sikuwahi kumwambia mwanachuo yeyote aiandike. Hata kabla ya 1897 palikuwa na amri ya 1 Agosti 1890, ya Sultan Ali bin Said, iliyompa mtumwa ruhusa ya kujinunua. Haukupita mwezi ruhusa hiyo ikaondolewa. Uhuru ulikuja kwa kupiga hatua na kurudi nyuma, kama mtu anayeshuka ngazi usiku.

Mzee aliporudi nilimuuliza: wale walioondoka mashambani, je? Alinipeleka kwenye rafu za HD, za wakfu. Hakunifungulia jalada, na hakukuwa na haja. Alinieleza kwamba baadhi ya matajiri wa Mji Mkongwe waliweka wakfu viwanja vya Ng’ambo, upande wa pili wa ile mkondo ya maji iliyokuja kufukiwa, ili watumwa wao waliowaacha huru wajenge vibanda na wakae. Wengi waliotoka mashambani wakakimbilia huko. Miaka ikapita, viwanja vingi vikaingia katika mikono mingine, kodi ya ardhi ikaanza kudaiwa na kupanda, mpaka mwaka 1928 wapangaji wa Ng’ambo wakagoma kulipa. Mimi nimezaliwa Ng’ambo. Nimeisikia hadithi ya mgomo ule tangu utotoni kama hadithi ya kodi, bila ya kujua kuwa mwanzo wake umo katika rafu moja na kifungu cha nne.

Nilifanya kazi ya kutafsiri amri ile siku tatu katika chumba cha kusomea. Wenzangu wanaopenda kusema kuwa Kiswahili hakina maneno ya sheria wajaribu kwanza. Neno gumu halikuwa lile refu. Lilikuwa “mzururaji”. Nilipoandika “asiye na makazi” niliona nimemwonea huruma kuliko sheria yenyewe ilivyomwonea. Nilipoandika “mhuni” nikaona nimemtukana. Nilibaki na mzururaji, kwa kuwa ndilo neno ambalo askari angelitumia.

Sasa nizungumze juu ya darasa, maana jarida hili ni la njia za kufundishia.

Jaribio langu la kwanza lilishindwa. Niliwagawia wanachuo wa mwaka wa pili vifungu vitano, kila kundi kifungu chake, nikawaambia wasome na kueleza. Walisoma. Walieleza. Hakuna aliyeinua kichwa. Karatasi ya sheria ikisomwa kabla ya swali lake kuwepo ni sawa na dawa anayopewa mtu asiyeumwa.

Mara ya pili nilikunja karatasi nikaiweka mezani mbele ya macho yao, bila ya kuifungua. Nikawaambia: leo ni mwezi wa Aprili 1897, na nyinyi ndio mnaotakiwa kuandika amri ya kuukomesha utumwa Unguja na Pemba. Mna dakika ishirini. Andikeni. Walianza kwa furaha, kwa maneno makubwa ya uhuru. Baada ya dakika tano mwanachuo mmoja akauliza: kibanda ni cha nani? Mwengine akasema kibanda kiwe cha aliyekijenga. Wa tatu akauliza: na ardhi iliyo chini yake? Wakaanza kubishana. Kundi moja likaandika kwamba fidia wapewe watumwa kwa miaka waliyofanya kazi. Kundi jengine likauliza fedha hizo zitoke wapi. Msichana mmoja, ambaye mwaka mzima sikupata kumsikia sauti, aliuliza kama mwanamke aliyezaa na bwana wake akiondoka, watoto wanabaki kwa nani. Darasa lilinyamaza. Hapo ndipo nilipofungua karatasi.

Walisoma kifungu cha nne wakiwa na chao mkononi. Sina haja ya kueleza ukimya ule ulivyokuwa.

Mwanachuo mmoja alinipinga, na hoja yake naiheshimu: alisema watoto wa darasa la sita hawawezi kubeba vifungu vitano vya sheria. Ni kweli, hawawezi. Nimekata nikabaki na viwili, cha pili na cha nne, kwa sentensi fupi zenye maneno wanayoyajua, na dakika arobaini zinatosha ikiwa mwalimu hatapoteza kumi kwa kuandika tarehe. Mtoto aandike amri yake kwanza, hata ikiwa ni ya mistari mitatu. Asipewe ya Sultan kabla hajaandika yake.

Jambo jengine nalisema bila ya kulegeza: mtoto yeyote asiwekwe kuwa mtumwa, wala asiwekwe kuwa bwana. Wala mwalimu asimuulize mtoto wazee wake walitoka wapi. Katika kijiji ambacho watu wameishi pamoja vizazi vitano, kila mtu anajua, na ni kwa adabu kubwa kwamba hakuna asemaye. Somo la dakika arobaini haliwezi kuirudisha adabu hiyo likishaivunja. Katika njia hii watoto wote wanakaa upande mmoja wa meza, na kinachohojiwa ni karatasi. Nimeona pia kwamba safari za Mkunazini, ambazo kila skuli huzifanya, zinazaa maswali bora zaidi ikiwa karatasi imesomwa kabla ya safari. Bila ya hivyo, watoto huona minyororo tu, wakarudi wakichezeana kufungana.

Alama niliyompa yule kijana sikuweza kuibadilisha, kwa kuwa ilikwisha pelekwa. Lakini nilimpelekea nakala ya tafsiri, na chini yake nikaandika kwamba katika somo lile aliyekosa lengo alikuwa mimi. Sasa anafundisha Pemba. Aliniandikia kwamba ametumia njia ya karatasi iliyokunjwa, na kwamba mtoto mmoja katika amri yake aliandika: “Kila mtu apewe minazi mitatu.”

Mwezi wa pili nilirudi katika ile skuli ya shamba. Mjukuu alikuwa amekwisha kurejea darasani. Jina lile lilikuwa limepungua, ingawa sikuambiwa kwamba limekwisha. Nilikwenda nyumbani kwa bibi jioni, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa akisuka ukili. Nilimwambia kuwa nimelitafuta jibu lake na nimelipata limeandikwa. Akanionyesha mahali pa kukaa juu ya mkeka, mjukuu akaja akakaa karibu na mlango, akijifanya anachonga kijiti.

Nikasoma. Nilipofika kifungu cha nne bibi aliacha kusuka.

“Rudia hapo, mwanangu.”

Nikarudia: kwamba aliyeachwa huru sharti aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya riziki, la sivyo atahesabiwa mzururaji.

“Basi ndiyo maana,” akasema. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema tena, si kwangu bali kwa yule mtoto wa mlangoni: “Bibi yangu alikuwa akisema, tuliambiwa nendeni, na pa kwendea hatukuambiwa. Sisi tukidhani ni maneno ya uzee.”

Mtoto akauliza: “Walikuwa wakikaa wapi, bibi?”

Bibi alinyoosha mkono wenye ukili kuonyesha nje, ng’ambo ya njia, penye mikarafuu mikongwe mitatu na kisiki cha nyumba kilichoota majani. Mtoto akaweka kijiti chini, akatoka kwenda kutazama.